Barua ya Thelathini na Moja

Mgeni aliingia bila kubisha, na baridi ya Machi ikamfuata ndani kama mbwa wake.

Eleazar Bidwell alikuwa ameshika brashi ya gundi. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kujalidi vitabu, lakini mkutano wa mji ulikuwa umemchagua mwaka wa nne mfululizo kuwa konstebo wa Stonewick, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Fimbo yake nyeusi yenye kichwa cha shaba, alama ya cheo, iliegemea ndoo ya uji wa ngano wa kubandikia karatasi.

"Namtafuta konstebo," mgeni alisema.

"Umeshampata."

Mgeni aliitazama aproni iliyoganda gundi, kisha akaitazama fimbo. "Haya. Ndiyo Connecticut hiyo." Alivua glavu, kidole kimoja kimoja. "Naitwa Thaddeus Crewe, wa Savannah. Siku kumi na tisa nimerushwarushwa ndani ya gari la farasi, maana Waingereza wametuzibia bahari. Nimekuja kuchukua mali yangu."

"Mali gani?"

"Mtu. Anaitwa Primus."

Bidwell aliiweka brashi chini polepole. Primus Quash, msokota kamba, alikuwa ameishi mtaa wa pili kutoka hapo kwa miaka kumi na sita.

Crewe alitoa hati ya Jaji Stoddard. Ilisema Primus akamatwe leo, Jumamosi, kabla jua halijazama, na kesi isikilizwe Jumatatu saa mbili asubuhi. Jua likishazama Sabato imeanza, na wakati wa Sabato hakuna mahakama wala safari. Jumatatu, Crewe akithibitisha dai lake, angeondoka na mtu wake kwa gari la saa nne.

"Na uthibitisho?" Bidwell aliuliza.

"Huu hapa."

Ilikuwa barua. Bidwell alifuta mikono mara mbili kabla ya kuipokea, na aliujua mwandiko kabla hajasoma neno: herufi ndefu zilizolala kulia kama majani yaliyopigwa na upepo. Ulikuwa mwandiko wa Lemuel Satterlee, mshairi na balozi, mzaliwa wa Stonewick, aliyefia Trieste miezi michache iliyopita. Barua zake arobaini na mbili zilikuwa kwenye rafu mgongoni mwa Bidwell, zote za Algiers. Mjane wake alikuwa amezileta zitengenezwe, kwa ajili ya kitabu cha maisha na barua za mumewe.

*Algiers, 11 Juni 1796. Kwa Kapteni Josiah Crewe. Mabaharia wa meli yako waliobaki hai wanakaribia kukombolewa. Miongoni mwao yumo mtumwa wako Primus, ambaye ni mali yako kama alivyokuwa kabla ya kutekwa na maharamia.*

"Baba yako alikaa na barua hii miaka kumi na saba," Bidwell alisema, "asije kumchukua?"

"Alikuwa mgonjwa. Kisha akafa. Nimeikuta sandukuni mwake mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza ndipo magazeti yalipotangaza kifo cha Balozi."

"Watu hufa kila mwezi, Konstebo."

"Barua ilimfikiaje baba yako?"

"Kama barua zote. Algiers hadi Marseilles, Marseilles hadi nyumbani, gunia moja na barua za watu wengine."

"Hakuna nahodha aliyeibeba mfukoni?"

"Nimeshasema. Kwa njia ya kawaida."

"Tafadhali liandike hilo hapa, utie sahihi."

"Ya nini?"

"Utaratibu tu."

Crewe aliandika kwa haraka, kalamu ikikwaruza karatasi.

"Na barua nyingine za Balozi, baba yako alikuwa nazo?"

"Tatu nne hivi, za Paris. Salamu na mashairi. Sasa sikiliza, umetumwa kunihoji mimi au kumkamata mtumwa?"

* * *

Primus alikuwa mezani. Chungu cha maharage ya Jumamosi kilikuwa kimetoka jikoni sasa hivi, na mkate wa mahindi ulikuwa bado unafuka moshi. Mkewe, Dorcas, ndiye aliyeiona fimbo kwanza.

"Jumamosi iliyopita ulikuja na kijiko chako," alisema. "Leo umekuja na gongo. Na minyororo iko wapi?"

"Sikuileta, Dorcas."

"Umeisahau. Rudi ukaichukue, sisi tupo."

"Mwache aseme, mke wangu," Primus alisema. Aliisikiliza hati mpaka mwisho bila kutikisika. "Kule Algiers nilikuwa wa Sultani. Safari hii mimi ni wa nani?"

"Crewe. Mtoto wa Kapteni Crewe."

Primus alikiweka kijiko. "Kwenye meli ya Crewe nilipanda kwa mkataba, Eleazar. Kwa mshahara, kama baharia yeyote. Nilitia alama yangu mbele ya mashahidi wawili."

"Wako wapi?"

"Algiers. Wamezikwa mimi nikiona."

"Cheti chako cha ubaharia?"

"Kilichukuliwa na maharamia, pamoja na viatu. Na Newport nilikozaliwa, daftari la kanisa liliungua zamani, vita vya kwanza vya Waingereza. Unajua haya yote. Mtu mmoja tu aliyejua mimi ni nani alikuwa Balozi."

"Ndiyo maana wamengoja afe," Dorcas alisema. Alikuwa akifunga maharage kwenye kitambaa. Maharage yakamwagika mezani, akayarudisha moja moja.

* * *

Jaji alikuwa amemruhusu Bidwell kukaa na barua mpaka Jumatatu. Saa moja tu ya mwanga ilikuwa imebaki.

Aliiinua dirishani. Kila kiwanda cha karatasi huacha chapa ndani ya karatasi, isiyoonekana mpaka uitazame kwenye mwanga, na hapo ndipo alipoweka tumaini lake lote. Waghushi wengi huumbuliwa na karatasi iliyotengenezwa baada ya tarehe waliyoiandika. Chapa ilijitokeza: taji, na chini yake 1794. Karatasi ilikuwa ya wakati wake.

Alilinganisha lakiri. Muhuri ni ule ule. Wino ulikuwa umegeuka kahawia kama inavyopaswa. Aliliweka neno "Algiers" kando ya "Algiers" nyingine kumi, akazipima mikia kwa uzi. Ziliachana kwa unywele, kama mwandiko wa mtu mmoja unavyoachana siku kwa siku.

Ikabaki tarehe. Labda Juni 11 Balozi hakuwepo Algiers. Satterlee alikuwa na desturi ya kuzipa barua zake namba. Ya thelathini iliandikwa Algiers Juni 8. Iliyofuata kwenye rafu, ya thelathini na mbili, iliandikwa Algiers Juni 20. Alikuwepo.

Kengele ya Sabato ikalia. Bidwell aliketi mbele ya barua aliyojua kwamba ni ya uongo, na hakuwa na hata nukta moja ya kuishitaki.

* * *

Jumapili, baada ya mahubiri ya asubuhi, aliufungua mlango wa chumba cha mawe nyuma ya ghala la mji. Primus alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usiniangalie hivyo," Primus alisema. "Kama umekosa, sema umekosa."

"Nimekosa. Karatasi, wino, lakiri, vyote ni sawa. Nieleze mwezi ule. Usiache kitu."

"Mwezi wa tauni? Watu walikuwa wanaanguka kama nzi. Sisi tulikuwa machimboni, tunavunja mawe. Kaka yako Amos alipelekwa mjini, nyumba ya wagonjwa, na mimi sikumwona tena. Hayo nilikwambia zamani."

"Uliniambia. Endelea."

"Tukakombolewa. Meli ikatushusha Marseilles, wakatutia karantini siku themanini. Wamarekani wote tulipewa kazi. Mimi nilishika ubao."

"Ubao wa nini?"

"Wa barua. Bwana mmoja mwenye koleo ndefu kama za mhunzi anaichukua barua, hataki hata imguse. Anailaza ubaoni vile vile ilivyokunjwa, kisha patasi, kwa! kwa! Mara mbili. Ipenye mpaka upande wa pili. Halafu anaitia kwenye siki, halafu moshi wa salfa, ati tauni ife ndani."

Bidwell alisogea karibu. "Kila barua?"

"Iliyotoka Algiers mwaka ule? Hata Mungu angeandika, angepigwa patasi."

"Tundu zake zina ukubwa gani?"

"Kama ukucha wa dole gumba. Na patasi yenyewe ilikuwa na pengo, kila siku tunamcheka yule bwana anunue nyingine."

"Barua ya Crewe haina tundu."

Primus alisimama. "Haina?"

"Ni nzima kama imetoka dukani jana. Aliyeighushi alikuwa na barua za Paris za kuigia, na Paris hakukuwa na tauni. Mkono wa Balozi aliujua. Njia iliyopita barua hakuijua."

"Basi tumepona!" Primus alimshika mabega. "Unazo arobaini na mbili! Mwonyeshe Jaji tundu zake, na yeye amwonyeshe Crewe mlango!"

Bidwell aliitazama mikono yake, gundi ikiwa bado kwenye kucha.

"Eleazar?"

"Nimeziziba."

"Umeziba nini?"

"Tundu. Zote. Tangu mwezi wa kwanza nimekuwa nikizibandika viraka, kimoja kimoja, karatasi nyembamba na uji wa ngano. Nilidhani ni panya."

Primus alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichogonga mawe. "Panya! Panya mwenye patasi!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na alipoacha kucheka uso wake ulikuwa umelowa. "Vibandue basi."

"Nikivibandua usiku huu, kesho Crewe atasema nimezikata mimi. Fundi mwenye visu vyote mjini, anayekula maharage kwako kila Jumamosi. Nawe utaondoka na gari la saa nne."

Kengele ya mahubiri ya mchana ilianza kulia.

"Nahitaji barua moja ambayo mkono wangu haujaigusa," Bidwell alisema, na wakati huo huo akainua kichwa. Thelathini. Thelathini na mbili. Alipokuwa akizipanga alidhani ya katikati ilizama baharini. Lakini Satterlee alikuwa akituma nakala tatu kwa meli tatu. Barua zake hazikuwa za kuzama. Kama haikuwa rafuni, kuna aliyeizuia.

* * *

Alikwenda kwa mjane wa Balozi kwa miguu, maili nne kupanda kilima, kwa sababu mtu aliyepanda farasi siku ya Sabato angesimamishwa kabla hajafika darajani.

Bibi Mehitabel Satterlee alimpokea sebuleni. Gauni lake la msiba lilikuwa jipya bado. Mezani palikuwa na kurasa za kitabu cha mumewe, zimepangwa kwa sura.

"Umeacha mahubiri ya mchana," alisema. "Natumaini kuna aliyekufa."

"Bado, Bibi. Barua ya thelathini na moja iko wapi?"

Mama yule aliinua ukurasa mmoja, akaunyoosha, akaurudisha pale pale. "Hiyo haiingii kitabuni."

"Sikuja kwa ajili ya kitabu." Akamweleza yote, na viraka vyake hakuvificha. Alimaliza kwa kusema, "Primus amekupasulia kuni miaka kumi na sita."

"Nitakuja mwenyewe mahakamani. Nitaapa kwamba zilikuwa na matundu."

"Crewe atasema unamtetea mkata kuni wako. Jaji anataka kitu cha kushika."

Bibi Satterlee alikwenda kwenye kabati dogo la ukutani. Alirudi na barua iliyokunjwa, na Bidwell akaona, hata kutoka alipokaa, mikato miwili myembamba iliyopita kati yake. Kingo zake zilikuwa za rangi ya chai.

Hakumpa.

"Nisikudanganye, Eleazar. Amos yumo humu."

Nje, mbwa alibweka, akanyamaza.

"Mume wangu aliniandikia mimi peke yangu," aliendelea. "Kuna jambo alilolifanya mwezi ule, au alishindwa kulifanya. Aliniomba asilisome mtu mwingine, akiwa hai wala akiwa amekufa. Nilimwahidi. Ningeichoma, lakini nilimwahidi pia kwamba sitachoma chochote alichoandika." Alicheka kidogo, bila furaha. "Washairi ndivyo walivyo."

Bidwell alijua orodha ya serikali kwa moyo: Amos Bidwell, alikufa kwa tauni, katikati ya Juni 1796. Mstari mmoja. Mama yake alikuwa na miaka themanini na mbili, na kila Siku ya Shukrani, baada ya sala, alikuwa bado akiuliza kama kuna mtu aliyekuwa na Amos mwishoni.

"Unataka nini, Bibi?"

"Uonyeshe mikato. Isifunguliwe. Wasisome wao, usisome wewe. Na uirudishe mkononi mwangu kwa mkono wako."

"Naahidi."

Alichukua uzi mweusi kwenye kikapu chake cha kushonea, akaizungusha barua mara mbili, akafunga fundo. Wote wawili walilitazama fundo lile. Bidwell alikuwa amefunga na kufungua nyuzi kwa miaka ishirini na tano. Hapakuwa na fundo duniani ambalo asingeweza kulifungua na kulifunga tena lile lile.

"Angekuwa mtu mwingine ningetia lakiri," Bibi Satterlee alisema.

* * *

Jumatatu saa mbili, chumba cha juu cha nyumba ya wageni kilijaa hadi ngazini. Jaji Stoddard alikaa nyuma ya meza ya kulia chakula. Primus alisimama dirishani, na Dorcas alisimama karibu naye kadiri alivyoruhusiwa, halafu hatua moja zaidi.

Bidwell alisoma maandishi ya Crewe mwenyewe: Algiers, Marseilles, gunia moja na barua za watu wengine. Crewe alikiri sahihi yake. Kisha Bidwell akaeleza habari za patasi, siki na moshi, akaiinua barua ya Crewe dirishani. Haikuwa na tundu hata moja.

"Na hizi arobaini na mbili?" Jaji aliuliza. "Naona viraka."

"Nilidhani ni panya, Mheshimiwa."

Chumba kizima kilicheka. Crewe alicheka kuliko wote.

Bidwell alitoa barua yenye uzi mweusi. Akachukua kipande chembamba cha mfupa anachotumia kukunjia karatasi, akakiingiza kwenye mkato mmoja. Kikapita mikunjo yote bila kukwama, kikatokea upande wa pili. Kicheko kikakatika.

"Barua ya Balozi kwa mkewe," alisema. "Hii lakiri yake. Huu mwandiko wa mkewe alipoipokea: kutoka Algiers, Juni 1796. Mimi sijaitengeneza wala kuikata. Imetoka kabatini kwake jana."

"Na ndani je?" Crewe alikuwa amesimama. "Ndani inaweza kuwa karatasi tupu! Inaweza kuwa orodha ya sokoni! Ifunguliwe."

"Ni haki yake," Jaji alisema. "Ifungue, Konstebo."

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Fundo limekushinda?"

"Nimeahidi isisomwe."

"Mimi ndiye ninayekuamuru."

"Nimesikia, Mheshimiwa. Siwezi."

"Eleazar!" Ilikuwa sauti ya Dorcas, kali kama kitambaa kinachochanwa. "Ifungue! Ni karatasi! Huyu ni mume wangu!"

Crewe alitoa saa yake mfukoni. "Gari langu ni la saa nne."

"Isipofunguliwa," Jaji alisema taratibu, "siwezi kuipokea kama barua ya Algiers. Nitaipokea kama karatasi yenye matundu. Unaelewa mtu huyu atakwenda wapi?"

Bidwell aliitazama barua, akautazama uzi, akamtazama Primus. Primus hakuwa akiitazama barua nzima. Alikuwa ameinama, anautazama mkato tu, kama mtu aliyekutana na sura anayoijua.

"Lile pengo," Primus alisema.

Bidwell aligeuka. "Mheshimiwa, ipokee hivyo hivyo. Karatasi yenye matundu. Tazama mkato, hapa mwishoni. Kuna kijino cha karatasi kilichobaki bila kukatwa. Patasi ilikuwa na pengo." Alizisukuma zile arobaini na mbili mezani. "Sasa chagua yoyote katika hizi. Hizi kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. Na mwenye nyumba alete maji ya moto."

Jaji alichagua kutoka katikati. Ilikuwa ya kumi na tisa: Algiers, Machi 1796, kurasa nne za malalamiko juu ya hali ya hewa. Bidwell alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya kiraka, akangoja. Kiraka kililainika, kikajikunja, kikatoka.

Mkato ulikuwa chini yake, kingo zake rangi ya chai, na mwishoni kijino kile kile. Jaji alizilaza barua mbili bega kwa bega. Akachukua lenzi yake. Alikaa nayo muda mrefu, halafu akachagua nyingine, na nyingine tena. Kijino kilikuwa pale kila mara.

"Bwana Crewe," alisema mwishowe, "patasi hii iliziona barua zote za mwaka ule isipokuwa yako. Barua yako haikupita Marseilles. Na kama haikupita Marseilles, uliyoyaandika kwa mkono wako ni uongo. Dai limekataliwa. Usiondoke na gari la saa nne. Nitataka kujua nani aliyekuandikia."

Dorcas hakupiga kelele. Alikaa tu sakafuni pale pale alipokuwa, na Primus akakaa naye.

"Na sasa, Konstebo," Jaji alisema. "Umepata bahati, bahati ambayo hukuwa na haki nayo. Mahakama imeamuru ukakataa, mara mbili, mbele ya mji mzima. Nikiliachia hili, kesho kila mtu atakuwa na uzi wake. Fimbo."

Bidwell aliiweka fimbo mezani.

"Ukonstebo umekwisha. Na siku tatu ndani."

* * *

Ndoo ilikuwa bado imepinduliwa, kama Primus alivyoiacha. Dirisha la chumba cha mawe lilikuwa na nondo mbili na mwanga wa kutosha. Bidwell alikuwa peke yake, barua ikiwa ndani ya koti lake, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa tisa.

Saa tisa, gari la farasi mmoja lilisimama nje. Bibi Satterlee alishuka mwenyewe, akaja mpaka dirishani, sketi zake zikiburura tope la theluji.

"Nimesikia," alisema. "Wameniambia nilete blanketi."

Bidwell alipitisha barua kati ya nondo. Aliipokea, akaligeuza fundo kwenye mwanga, kisha akaacha kulitazama. Alimtazama yeye.

"Muda wa saa sita ulikuwa nayo humu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mama yako ataniuliza?"

"Ataniuliza mimi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba kuna mtu aliyeandika jina lake. Zaidi ya hapo sijui."

Bibi Satterlee aliishika barua kifuani kwa mikono miwili. Kisha akampitishia blanketi kati ya nondo, kidogo kidogo, mpaka likaisha.